Mawe ya Kona ya Chini: Maisha ya Mama Felicitas Igoki Kithaka, 1929–2009

Jamaa, majirani na marafiki mliopanda mteremko wa Kaviruru leo, Jumatano tarehe 19 Agosti 2009, karibuni. Haya ni maisha ya Mama Felicitas Igoki kama yalivyokusanywa na watoto wake. Yanasomwa na mjukuu wake, Njiru Bundi.

Mama Igoki alizaliwa mwaka wa 1929 kijijini Iriari, Embu, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Nyamu na Mama Kagure. Tarehe hakuna aliyeiandika. Mama yake alisema ulikuwa msimu ule nzige walipomaliza mpaka majani ya migomba, na kwamba mtoto alikuja na njaa ile ile ya nzige. Kwa wageni wasiojua huku kwetu, Iriari iko chini na Kaviruru iko juu, karibu na msitu ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Kijito kimoja, Gatondo, kinatoka msituni, kinapita ubavuni mwa Kaviruru, kisha kinashuka Iriari. Anayemwaga kitu Kaviruru amewamwagia watu wa Iriari. Watu wa juu hulisahau jambo hilo upesi, na watu wa chini hawalisahau hata kidogo. Igoki alizaliwa chini akaolewa juu, na karibu kila alilofanya lilianzia hapo.

Alisoma shule ya misheni ya Iriari kuanzia 1938 hadi darasa la tatu mwaka wa 1941. Alitolewa kwa sababu kaka yake alikuwa ameanza kusoma, na ilionekana mwanafunzi mmoja anatosha nyumba moja. Mbele ya wazazi wake hakulalamika. Mbele ya watoto wake alilalamika miaka sitini. Alibatizwa tarehe 8 Desemba 1942 akapewa jina la Felicitas, ambalo mama yake hakuwahi kulitamka vizuri, wala hakujaribu sana.

Mwaka wa 1943 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali ya misheni, chini ya Sista Emerenziana, mama mmoja mfupi mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Hospitali ilikuwa juu ya kilima, na maji ya kufulia, yenye sabuni, damu na kila kitu wagonjwa wanachoacha kwenye shuka, hayakuruhusiwa kwenda mtoni moja kwa moja. Yaliingia kwenye shimo la kwanza yakatulia, yakapita kwenye mawe na kokoto, yakaingia shimo la pili, kisha yakatawanywa polepole kwenye migomba. Igoki ndiye aliyekuwa akizoa matope ya shimo la kwanza, kazi ambayo hakuna aliyeigombania. Sista alimweleza kwamba kwao Ulaya alizaliwa katika kijiji kidogo cha milimani, penye theluji, na kwamba vijiji vya juu na vya chini vilikosana huko kwa sababu ya maji machafu mpaka watu wakaacha kuoana. Igoki alishangaa kusikia kwamba wazungu nao wana juu na chini. Alifanya kazi hiyo hadi 1949.

Tarehe 14 Oktoba 1950 alifunga ndoa kanisani na Joseph Kithaka, seremala wa Kaviruru, mwana wa Mzee Mwaniki. Mama mkwe wake, Wawira, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mtoto wa kwanza, msichana aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1953, aliitwa Wawira, kama desturi inavyotaka. Mzee Mwaniki alimwita mtoto huyo mke wangu, akamletea asali, na akamsuta kwa kutompikia. Lakini kwa Igoki, mkaza mwana wake, mzee hakusema neno la ziada. Baba mkwe na mke wa mwanawe waliheshimiana kwa kupeana nafasi, na haja iliyokuwapo ilipitia kwa mama mkwe. Mama mkwe akiwa amekufa, haja zilikaa.

Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni, ilikuwa imeshatangazwa. Juni 1954 Kithaka alichukuliwa kutoka karakana yake akapelekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Oktoba mwaka huo nyumba za milimani zilichomwa, na watu wote wa Kaviruru wakahamishiwa kijiji kimoja cha lazima. Nyumba zilijengwa kwa safu, na kukizunguka kijiji likachimbwa handaki refu lililopandwa vijiti vilivyochongwa, ili watu wa msituni, waliopigana na serikali hiyo, wasiingie na watu wa ndani wasiwapelekee chakula. Kutoka kulikuwa kwa saa, na kwa ruhusa.

Hedimani, mkuu aliyewekwa na serikali kukisimamia kijiji, hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alitaka jamaa wakae pamoja, basi akaipa kila familia safu yake, na kila safu choo kimoja cha shimo mwishoni. Alidhani amewafanyia watu hisani. Matokeo yake ni kwamba baba mkwe na wake za wanawe walipangiwa shimo moja, na njia ya kwenda huko ikipita mbele ya milango yote. Hakuna mzee wa Kaviruru aliyeweza kuingia mahali mkaza mwana wake ametoka, na hakuna mwanamke aliyetaka kukutana na baba mkwe njiani akiwa ameshika majani mkononi. Wazee hawakubishana na mtu. Walikwenda tu kwenye kona ya chini, ambako handaki lina kina na vichaka vimebaki, wakajisaidia humo. Wanawake wengine nao wakafuata kwa saa zao. Mvua za Novemba zilipokuja, kila kitu kilichotupwa na kijiji kizima kilikusanyika handakini, kikatelemka mpaka kona ya chini, kikafurika kuingia Gatondo.

Habari zilimfikia Igoki Januari 1955, siku wanawake wa vijiji viwili walipochanganywa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba makingamaji, yale matuta ya kuzuia udongo, kwenye mteremko mmoja. Kuongea kulikatazwa. Mama yake, Kagure, alikuwa kwenye mstari wa Iriari akipokeza karai za udongo, naye alikuwa amekonda usoni. Karai ilipofika mikononi mwa Igoki, mama hakuiachia mara moja.

“Igoki, maji yenu yanatufikia,” alisema. “Yananuka, na watoto wanahara damu.”

Maneno hayo yalimuuma Igoki kwa namna mbili. Alimwogopea mama yake, ambaye hakuwa na mahali pengine pa kuteka maji wala ruhusa ya kupatafuta. Na lilimchoma lile neno yenu. Mama yake mwenyewe alikuwa amemhesabu upande wa juu.

Alijua kwamba wazee wakipata choo chao, nusu ya uchafu itakwisha. Alijua pia kwamba mzee wa kuanza naye ni baba mkwe wake, kwa sababu wengine walimtazama yeye. Na hilo ndilo lilikuwa jambo moja asiloweza kumwambia. Mwanamke kumtajia baba mkwe choo ilikuwa ni kumvua nguo hadharani. Alikaa nalo juma zima. Kisha akakumbuka kwamba mama mkwe yumo nyumbani, ana umri wa karibu miaka miwili, na yuko mgongoni mwake.

Asubuhi moja Mzee Mwaniki alikuwa ameketi mlangoni akichonga mpini wa jembe. Igoki alisimama kando, akampa mgongo kwa heshima, mtoto mgongoni akimgeukia mzee.

“Wawira,” alimwambia mtoto, akimtaja bibi yake Kagure, “cucu wako wa Iriari anaumwa tumbo. Anakunywa kile wazee wanachoacha kwenye kona ya chini.”

Mzee aliendelea kuchonga. Majirani waliosikia walisimulia kwamba alichonga mpini ule mpaka ukawa haufai jembe lolote. Kesho yake Igoki alipopita, mzee alimnyooshea mtoto kidole.

“Wawira, mke wangu, mwambie mama yako mzee hawezi kuchuchumaa alipochuchumaa mke wa mwanawe. Afadhali hivyo vijiti vimchome.”

Hivyo ndivyo mazungumzo yalivyoanza, nayo yaliendelea karibu kila siku mtoto akipiga miayo. Igoki alimwuliza Wawira kama mzee angekubali choo kingine upande wa juu, karibu na lango. Mzee alimjibu Wawira kwamba angekubali, lakini njia yake isipitiwe na mwanamke hata mmoja. Wawira akaulizwa nani atachimba. Wawira akajibiwa kwamba wazee bado wana mikono. Februari choo cha wazee kilikuwa kimechimbwa, na Mzee Mwaniki akawa mtu wa kwanza kukiingia, akiwa amevaa koti lake la kanisani. Hedimani aliruhusu bila maswali mengi, kwa kuwa hakuombwa msaada wowote.

Lakini handaki lilikuwa limeshajaa, na maji ya mvua, ya kufulia na ya mifugo bado yalikwenda kule kule. Igoki akaurudia ujuzi wa chumba cha kufulia. Yeye na jirani yake Mukami walianza kuleta mawe kutoka kwenye kazi ya lazima, jiwe moja moja ndani ya kikapu cha kuni, wakayapanga kwenye kona ya chini kabla ya maji kufikia kijito. Nyuma ya mawe wakapanda nduma, yaani magimbi, ili mawe yatulie. Kosa lao ni kwamba hawakuchimba shimo la kwanza, lile la kutuliza matope, maana ni kazi nzito na Igoki alikuwa na haraka. Mvua kubwa za Aprili zilikuja zikabomoa mawe, zikazoa nduma zote, na uchafu wa miezi ukashuka Iriari kwa siku mbili. Mama Kagure alishikwa na homa ya matumbo. Walipokutana tena kwenye makingamaji alikuwa hawezi kusimama bila kushikwa. Alimwambia binti yake kwamba nduma zimefika, ahsante, ila wakati mwingine azipeleke zikiwa zimepikwa. Igoki alicheka pale, kisha akalia njia nzima ya kurudi.

Walianza upya. Safari hii walichimba mashimo mawili, wakaweka kokoto na makaa, na mwishoni wakarundika mawe makubwa yaliyoziba handaki karibu mpaka juu. Maji yalipita katikati polepole. Hawakufikiri mawe yale yanaonekana vipi kwa mtu asiyejua chumba cha kufulia. Julai 1955 homugadi mmoja, mlinzi wa kijiji wa upande wa serikali, aliyekuwa akizunguka aliyaona, akaona mahali ambapo mtu anaweza kuvuka handaki bila kuchomwa. Kwake hilo lilikuwa daraja, lililojengwa na mtu wa ndani kwa ajili ya watu wa msituni. Kwa kosa dogo kuliko hilo watu walikuwa wamepelekwa wasirudi.

Kijiji kizima kiliketishwa chini uwanjani, wanaume mbele, wanawake nyuma. Hedimani aliuliza ni nani aliyejenga daraja. Aliuliza mara ya pili, akasema kwamba asipojibiwa, safu yote ya kona ya chini itachukuliwa. Igoki aliyafikiria hayo kwa haraka: Kithaka yuko kizuizini, yeye akichukuliwa Wawira atabaki na nani, na mawe yakitolewa mama yake hatamaliza mwaka. Hata hivyo alianza kuinuka, kwa sababu Mukami alikuwa na mimba na safu ilikuwa ni ya wote. Kabla hajasimama wima, mbele yake Mzee Mwaniki alikuwa ameshasimama.

“Si daraja,” alisema. “Ni mawe ya choo. Kinyesi chetu kinashuka Iriari, na changu kimo. Mimi ndiye niliyeagiza mawe yawekwe.”

Hedimani aliuliza aliwaagiza akina nani.

“Wake za wanangu,” alisema mzee.

Wanawake kadhaa walijifunika nyuso kwa shuka. Hakuna aliyecheka. Mtu aliyechimba choo kizima ili asitajwe mahali pamoja na mkaza mwana wake alikuwa amekitaja kinyesi chake mwenyewe mbele yake, mbele ya wakaza wana wote wa Kaviruru, mchana kweupe. Na alikuwa amedanganya, maana hakuagiza jiwe hata moja. Igoki alisema baadaye kwamba hajawahi kupendwa na mtu mzima kwa namna ile, kabla wala baada, na kwamba aliona aibu na shukrani kwa pamoja.

Mzee alifungwa majuma mawili kwenye shimo la kituo cha homugadi, penye maji mpaka kwenye vifundo. Alitoka na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Ofisa mmoja aliletwa kuyatazama mawe. Aliyachokoa kwa fimbo, akainusa fimbo, akaitupa, akaamuru mawe yabaki lakini yapandwe vijiti juu yake. Vijiti vikapandwa, maji yakaendelea kupita chini. Wagonjwa wa Iriari walipungua kabla ya mwaka kwisha. Huenda ni mawe, huenda ni choo cha wazee, huenda ni mvua kukatika. Igoki alisema ni vyote, ila mawe aliyataja kwanza. Mama Kagure alipona, akaendelea kuteka Gatondo hadi alipofariki mwaka wa 1971.

Baada ya siku ile ya uwanjani, watu walitazamia kwamba mzee na mkaza mwana wake sasa wataongea uso kwa uso. Hawakuongea. Walirudi kwa Wawira, na kila mmoja akawa mpole zaidi kwa mwenzake kupitia kwake. Kithaka aliporudi kutoka kizuizini mwaka wa 1958 alikuta baba yake na mkewe wana mambo mengi ya kuzungumza kuliko yeye na yeyote kati yao. Wawira alipoanza shule, shughuli zote za nyumba hiyo zilingoja kengele ya saa nane. Kijiji cha lazima kilivunjwa mwaka wa 1960 na watu wakaanza kufukia handaki. Mwaka uliofuata kikohozi kilimmaliza Mzee Mwaniki. Siku yake ya mwisho alimwita Wawira akamtuma kwa mama yake neno moja, kwamba mawe yasitolewe. Hayakutolewa.

Kithaka na Igoki waliishi pamoja tena miaka thelathini na sita, hadi Mzee Kithaka alipofariki mwaka wa 1994. Walilima kahawa, kisha chai. Shule ya sekondari ilipojengwa juu ya kijito mwaka wa 1978, Mama Igoki aliingia kwenye kamati yake, akakataa kutoka mpaka mashimo ya maji machafu yalipochimbwa. Walimu walimwita Bi Afya. Hakulipenda jina hilo, lakini aliitika.

Afya yake mwenyewe ilikuwa nzuri hadi mwishoni mwa mwaka uliopita. Mkwewe, Mzee Bundi wa Mikinduri, mume wa Wawira, alikuwa tabibu hospitalini kwa miaka mingi, na Mama Igoki alikuwa akikaa kwao Kinoru, Meru, kila baridi ya Julai inapokuja. Lakini Mama hakuwahi kumwambia mkwe huyo lolote kuhusu mwili wake. Mama mkwe hamwelezi mume wa binti yake habari za tumbo. Aliteseka kimya tangu Krismasi, na Wawira alipomuuliza alisema ni chakula cha mjini. Mwezi wa Juni alishuka Kinoru mapema kuliko kawaida. Jioni moja akiwa sebuleni, alimpakata kitukuu chake, Wawira mdogo, binti wa Njiru, akamgeuza mtoto amtazame Bundi, na yeye akatazama ukutani.

“Wawira,” alimwambia, “mwambie babu yako, cucu anatoa damu anapokwenda chooni.”

Bundi aliweka kikombe chini. Alimwambia Wawira mdogo amjulishe cucu kwamba kesho asubuhi wanakwenda hospitali, na kwamba babu hajakasirika. Kisha alitoka nje akasimama karibu na gari kwa muda. Ilikuwa saratani ya utumbo, na ilikuwa imechelewa. Tunalisema hili hapa kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisemwe, ili anayejificha na maumivu kwa sababu ya heshima atafute mtoto wa kumtuma, na amtume mapema.

Alilala Jumanne tarehe 11 Agosti 2009, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake hapa Kaviruru, binti yake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka themanini.

Ameacha watoto wanne: Wawira, mkewe Bundi, wa Kinoru, Mwaniki, wa hapa Kaviruru, Kawira, wa Runyenjes, na Njagi, wa Nairobi. Ameacha wajukuu kumi na mmoja na vitukuu, mmoja wao Wawira mdogo, ambaye tangu jana anauliza ni nani sasa atakayemtuma. Ameacha pia Mama Mukami, jirani wa kona ya chini, aliyeko hapa mstari wa mbele.

Mkimaliza kumfukia, msiondoke. Chai iko tayari. Maji yake yametekwa asubuhi hii Gatondo, si juu huku, bali chini, Iriari, pale pale alipokuwa akiteka mama yake, na yamepita kwenye mawe kabla ya kufika huko. Mama Igoki aliomba yatekwe hapo, na aliomba watu wa Kaviruru ndio wapewe kwanza.

Mungu amlaze mahali pasipo na juu wala chini, na apumzike hapo kwa amani yote.